Mstari wa Chini wa Kilima

Kabla sijaligusa mimi, jedwali lile lilichukua saa tatu na nusu kumaliza hesabu zake. Saa tatu na nusu, wala siongezi chumvi. Unabonyeza, neno la kungoja linawaka pembeni mwa kioo, halafu kaa hapo uote mizizi. Nilikuwa na nafasi ya kushuka Biryogo kwa miguu, nikale wali na maharagwe nyumbani, nimsikilize mama akiilaani cherehani yake, nirudi ofisini, na nikute lile neno bado linawaka. Umeme ukikatika katikati, na ulikuwa ukikatika kila ulipojisikia, basi yarabi toba, unaanza upya.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Vita vilikuwa vimewasukuma watu wa kaskazini mpaka kwenye mlango wa Kigali, wakatandaza shitingi zao upande wa pili wa mji, vilima na vilima vya plastiki. Shirika moja la misaada lilikuwa limeniajiri kupiga chapa. Oridinateri, yaani kompyuta, ilipoletwa wakasema, wewe una vidole vyepesi, hii itakuwa yako. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mtaalamu. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa na matusi yangu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa orodha ya chakula. Kila familia ya kambini ilikuwa na mstari mmoja, jina la mkuu wa nyumba na idadi ya watu. Familia hazikupangwa kwa alfabeti, maana alfabeti haimsaidii mtu kumwona jirani yake. Zilipangwa kwa vilima. Watu walikimbia kilima kizima kizima, na kambini wakakaa hivyo hivyo, kilima hiki hapa, kile pale, kila kimoja na konseye wake, yule diwani waliyekuwa naye kwao, aliyekimbia nao akiwa na muhuri mfukoni. Nami kwenye jedwali nikawafuata, kilima chini ya kilima.

Juu kabisa kulikuwa na muhtasari. Kila kilima kina watu wangapi, kipewe magunia mangapi ya mahindi, mangapi ya maharagwe, madebe ya mafuta, sabuni. Hapo ndipo mashine ilipokuwa inakufa. Mzungu aliyelitengeneza jedwali, na alikuwa ameshaenda zake kabla sijaajiriwa, alijua kwamba orodha itarefuka kila wiki. Kwa hiyo hakuiambia mashine ijumlishe kutoka mstari fulani mpaka mstari fulani. Aliiambia hivi: tafuta jina la kilima, teremka mstari kwa mstari mpaka ukutane na jina la kilima kingine, simama, sasa jumlisha. Akili nyingi, sikatai. Ila agizo hilo hilo alilirudia kwenye kila seli, kila kisanduku cha jedwali. Mashine ikiteremka kilima kizima kwa ajili ya mahindi, ikifika kwenye maharagwe imeshasahau, inapanda juu na kuteremka tena. Na kwenye mafuta tena, na kwenye sabuni tena. Tena ukibadilisha herufi moja tu kwenye jina la mtu, vilima vyote vinatafutwa upya tangu cha kwanza.

Haya, useme basi mashine ichelewe, kuna nini? Kulikuwa na Jumanne saa kumi. Malori yalipakia Jumanne jioni na kuondoka Jumatano asubuhi. Karatasi yangu isipofika bohari saa kumi, wanapakia kwa hesabu ya wiki iliyopita. Maana yake, aliyefika kambini wiki hii hana gunia. Watakula wa zamani, mgeni atawatazama. Mara mbili mfululizo umeme ulinifanyia hivyo, na mara zote mbili nililia chooni kisha nikatoka nikiwa nimepaka poda.

Halafu mgeni akawa wangu.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa ameolewa huko kaskazini na mwuza vitambaa. Mume alikuwa ameshafariki. Alifika kambini mwezi wa tatu na wajukuu watatu, mdogo wao msichana ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Mwanawe, baba wa watoto hao, alipotelea njiani siku waliyokimbia. Nilipata karatasi ya ruhusa, nikapita vizuizi vyote vya barabarani, nikamkuta amekaa juu ya furushi lake.

“Shangazi, twende nyumbani,” nikamwambia. “Chumba kipo. Mama ameshakitandika.”

“Hapana, binti.”

“Hapana nini? Utakaa kwenye plastiki na kuna nyumba Biryogo?”

“Mwanangu akitokea atauliza kilima chetu kiko wapi. Ataonyeshwa hapa. Biryogo nani atamwonyesha?”

Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka. Kichwa kigumu yule mama, na mimi nimekirithi kwake. Mwishoni nikasema sawa, walau nikuandike vizuri. Nikamwambia kwamba naweza kumwingiza juu, katikati ya wenyeji wa kilima, kwa sababu mgao unagawiwa kwa kufuata orodha na walio juu wanapata kwanza. Akanikazia macho. Wakati huo huo konseye wa kilima, mzee mwenye kofia ya kahawia, alikuwa amesimama karibu.

“Huyu iko mgeni,” akasema kwa Kiswahili chake. “Mgeni anaandikwa chini. Hapa hatuluki watu.”

Ndiyo ilikuwa sheria yao, kwenye vilima vyote. Aliyechelewa kufika anakaa mwisho, karibu na njia, na jina lake linakaa mwisho. Wiki moja nyuma nilikuwa nimeiingiza familia moja katikati kwa sababu tu kidole kiliangukia hapo, na konseye wao alifunga safari mpaka ofisini kwangu kulalamika. Nikaona aibu kumfanyia shangazi yangu upendeleo mbele ya watu waliopoteza kila kitu. Nikamwandika chini kabisa ya kilima. Watu wanne.

Niliporudi ofisini niliapa kwamba Jumanne haitanishinda tena. Wallahi, sikuwahi kufanya kazi kama wiki ile. Kwanza nilizima ile tabia ya mashine kupiga hesabu kila ukigusa kitu, nikaiambia ingoje mpaka niamuru mimi. Ikawa nafuu wakati wa kuandika majina, ila ukiamuru tu, ni zile zile saa tatu na nusu. Ndipo nikafungua kile kitabu cha Kifaransa na kukisoma kwa hasira. Nikaelewa kwamba kinachokula muda si kujumlisha. Kujumlisha mashine inaweza. Kinachokula muda ni kutafuta mwanzo na mwisho wa kila kilima, maelfu ya mara, kana kwamba vilima vinahama kila dakika.

Basi nikaiondolea mashine kazi ya kutafuta. Seli kwa seli, kilima kwa kilima, nilifuta maagizo yote ya yule mzungu nikaandika yangu ya kijinga: jumlisha kutoka mstari huu mpaka mstari huu. Kwisha. Siku nne za kuandika, shingo ikakakamaa. Ijumaa nikaamuru hesabu na kutazama saa ya ukutani.

Dakika nne.

Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Nikalinganisha majibu na yale ya zamani, seli kwa seli, na yote yalikuwa sawasawa, gunia kwa gunia. Na mimi si mjinga, nilijua orodha itarefuka. Nikajaribu kuongeza mstari katikati ya kilima kimoja, nikaona lile agizo linajinyoosha lenyewe na kuukumbatia mstari mpya. Nikaridhika. Nilijaribu katikati, mwenzangu. Chini ya kilima, pale wageni wanapoandikwa kila siku ya Mungu, sikujaribu.

Kwa sababu mashine ina akili ya namna yake. Ikiambiwa jumlisha kutoka mstari wa kumi mpaka wa hamsini, ukichomeka mstari ndani ya hapo, inauhesabu. Ukiuandika chini ya ule wa hamsini, kwake huo ni mtu baki. Haigombi, haikuonyi, haiwashi taa. Jina linaonekana kwenye kioo, linachapwa kwenye karatasi, ila kwenye magunia halimo. Yule mzungu niliyemtukana ndiye aliyekuwa amewafikiria watu wa chini.

Na shangazi nilikuwa nimemwandika Jumatatu, lakini mwanzo na mwisho wa kila kilima niliuchukua kwenye karatasi ya wiki iliyopita, jina la kwanza na jina la mwisho. Nilipolinganisha ile Ijumaa, nililinganisha na majibu ya karatasi hiyo hiyo. Ndiyo maana yalikuwa sawasawa.

Mkubwa wa ofisi alinishika mkono mbele ya watu wote. Dereva wa lori, kijana wa Kimisagara mwenye maneno mengi, akaniita Madamu Dakika Nne, na jina likashika. Nikavimba kichwa, niseme uongo? Jumanne ya kwanza karatasi yangu ilifika bohari saa tano asubuhi. Ya pili vilevile. Nikaanza hata kwenda nyumbani mapema, nikala chakula cha mchana nimekaa kitako.

Karatasi ya ruhusa ya kwenda kambini haikupatikana mwezi ule. Nilimpa dereva unga kidogo na sukari ampelekee shangazi, na kila akirudi namuuliza.

“Wazima?”

“Wazima, Madamu. Mama anakusalimu sana. Anasema hamdulillah.”

Nikaridhika na hiyo hamdulillah. Leo ningeipasua nione ndani yake kuna nini.

Jumatano ya tano mkubwa aliniruhusu nipande lori, nikaione kazi yangu, alisema. Nilivaa nguo nzuri. Magunia yakashushwa, kila kilima fungu lake, konseye akasimama na karatasi niliyoichapa mimi akaanza kuita. Watu walikuja, wakabeba, wakaenda. Fungu likapungua. Alipofika karibu na mwisho wa karatasi, gunia la mwisho likatoka, na hakukuwa na kitu tena. Konseye akaikunja karatasi.

“Bado kuna majina,” nikamwambia.

“Iko hivyo,” akasema. “Wa chini wanavumilia kidogo. Wiki ijayo.”

“Wiki iliyopita walipata?”

Akaikunja tena ile karatasi. Nikaichukua karatasi mkononi mwake. Majina kumi na moja yalikuwa hayajaitwa. Nikayasoma moja moja, na sikuwa na haja ya kwenda kwenye mashine. Yote niliyaandika mimi, tangu ile Jumatatu. Nikaenda fungu la kilima cha pili, nikasimama, nikaona linaishia pale pale, kabla ya wageni. Sikwenda la tatu.

Kilichonimaliza si njaa yao. Ni ukimya. Watu wale wa chini hawakuwa hata wamepanga foleni. Walikuwa wamekaa mbali na fungu, mifuko yao mitupu magotini, wanatazama wenzao wakibeba. Walidhani hivyo ndivyo kilima kinavyowapokea wageni. Kilima nacho kilidhani ofisi ndiyo iliyoamua. Na ofisi ilikuwa inakunywa chai na Madamu Dakika Nne.

Nilimkuta shangazi ndani ya shitingi yake. Amekonda mpaka pete ameihamishia kidole gumba. Wale wajukuu wakubwa wawili walikuwa wamekwenda kuomba majani ya maharagwe kwa watu wenye mashamba. Mdogo alikuwa amelala ubavu, macho wazi, hatazami kitu.

“Kwa nini hukusema?” nikamfokea. Haki ya Mungu, nilimfokea yeye. “Dereva anakuja kila wiki, kwa nini hukusema?”

“Niseme nini, binti? Kwamba sikupata na wengine kumi hawakupata? Wangesema nina mtu ofisini.”

Nilitaka kumbeba mtoto niende naye mjini lori hilo hilo. Kwenye hema la wagonjwa nesi akasema anaharisha, akirushwarushwa kwenye lori hatafika, aachwe anyweshwe maji ya chumvi na sukari hapo. Nikaacha sukari yote niliyokuwa nayo, na pesa niliyokuwa nayo, na kitenge nilichovaa begani.

Alhamisi nilifika ofisini mlinzi akiwa bado anafagia. Kulitengeneza jedwali kulinichukua asubuhi moja. Asubuhi moja! Chini ya kila kilima niliweka mstari mtupu, nikaujaza vistari ili mtu asiufute, nikauingiza ndani ya hesabu. Kutoka mstari wa kwanza mpaka ule mtupu. Mgeni akija, anachomekwa juu ya mstari mtupu. Bado ni wa mwisho, konseye atafurahi, ila yumo ndani. Kitu kidogo hivyo. Nikajaribu chini ya kila kilima, kila kimoja, na magunia yakaongezeka mbele ya macho yangu. Dakika nne, kama kawaida. Kasi na haki vilikuwa vinaweza kukaa pamoja tangu siku ya kwanza, gharama yake ni mstari mmoja usio na kitu.

Nilimwambia mkubwa. Akasema kosa kama hili hutokea, cha muhimu limetengenezwa, na kwamba si lazima tuliandike kwenye ripoti. Nikamwomba lori la dharura. Akasema mafuta ya wiki yamekwisha, Jumatano si mbali.

Ilikuwa mbali. Jumapili dereva alinijia nyumbani Biryogo, akasimama mlangoni bila maneno yake mengi, na mama aliyemwona kwanza akaweka mkasi chini. Msichana alikuwa amefariki Jumamosi adhuhuri. Walimzika huko huko, ukingoni mwa kambi, shangazi alikataa aletwe mjini.

Jumanne niliifungua orodha. Konseye wa kila kilima alituma mabadiliko yake kwa karatasi, waliozaliwa, waliofika, waliokufa. Karatasi ya kilima chetu ilikuwa fupi. Nikateremka mpaka jina la shangazi, nikasimama kwenye ile namba. Nne. Nikaandika tatu. Nikaamuru hesabu, na mashine haikunipa hata dakika moja ya kukaa kimya zaidi ya zile nne zake. Karatasi ilifika bohari kabla ya saa sita.

Nimewahi kujiuliza, na nitaandika hapa kwa sababu sijawahi kulisema kwa mdomo. Siku ile ningekuwa mwizi kidogo tu, nikamchomeka shangazi yangu katikati ya wenyeji, lile agizo lingejinyoosha na kumkumbatia, na mtoto angekula. Wageni wengine wasingekula, na mimi nisingejua mpaka leo, na ningeendelea kuitwa Madamu Dakika Nne. Mambo ya mwaka uliofuata siyaandiki, mengine hayaandikiki. Lakini hata baada ya mwaka huo hili halikuondoka, na nilidhani lingeondoka, likionekana dogo.

Jumatano nilirudi na lori. Magunia yalitosha mpaka jina la mwisho. Wale wa chini waliitwa, wakaja polepole, wakitazamana, kama watu wanaoitwa kwa makosa. Shangazi alipokea mgao wa watu watatu. Nikamsaidia kuubeba, na ndani ya shitingi nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu yule mzungu, na kutafuta mwisho wa kilima, na dakika nne, na kwamba nilijaribu katikati nisijaribu chini. Nililia nikieleza, na alinisikiliza mpaka mwisho, akifunga na kufungua mdomo wa mfuko. Nilingoja anitukane. Nilingoja pia aniambie ni kudra ya Mungu, na sijui ni lipi nililokuwa naliogopa zaidi.

“Na wale wengine kumi,” akasema, “umewaambia?”

“Bado.”

“Wengine nao wana watoto.” Akanionyesha kwa kidevu. “Anza na yule.”

Nje kulikuwa na mwanamume wa makamo anayefunga gunia lake kwa kamba ya mgomba. Nilitoka nikamwendea. Akanyanyua kichwa akaziona nguo zangu za ofisini, akavua kofia.

Nikamsalimu. Nikamuuliza kama leo amepata mgao wake wote.

“Nimepata, Madamu,” akasema. “Mungu akubariki.”

Nikamwambia amina, nikaenda kupanda lori.